Mwalimu Aliyetembea Bila Jembe

Mwalimu Reginald Nampoto alirudi Chilangala mwezi wa tano, na masanduku mawili, godoro lililofungwa kamba, redio, na ndoo tatu za plastiki zilizojaa udongo na miche. Kondakta aligombana naye tangu Kibiti. Alitaka ndoo ziende kwenye buti pamoja na mabegi ya watu, mwalimu akasema miche haisafiri gizani. Mwisho ndoo moja aliipakata, mbili akazibana katikati ya miguu, na alipoteremka Newala mjini magoti yalikuwa yamekufa ganzi, akabaki ameshika mlango wa basi huku abiria wenzake wakimpita kando.

Hakuna aliyekuja kumpokea, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu saa ya kufika. Alikodi guta la pikipiki, akapanda nyuma pamoja na mizigo yake, akaingia kijijini kwao jioni watu wakiwa wanaota moto wa kuchemshia mbaazi. Wachache walimpungia mkono, wakidhani ni mfanyabiashara.

Aliondoka pale akiwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, na barua ya serikali iliyomtaka aripoti kisiwani Mafia. Alidhani atakaa miaka miwili, mitatu, kisha aombe uhamisho. Alikaa thelathini na sita. Likizo ya pili alirudi bara kumwoa Stella, binti wa katekista wa Lupaso, akavuka naye bahari, na tangu hapo kurudi nyumbani kukawa kwa nadra: mara moja baba alipofariki, mara moja mama alipofariki. Walipata mtoto mmoja, Upendo, ambaye aliolewa Mwanza. Stella aliugua figo miaka mitatu, akafariki mwaka mmoja kabla ya mumewe kustaafu. Alizikwa hukohuko, kwenye makaburi machache ya Wakristo nje ya Kilindoni, ardhi ya mchanga mweupe ambayo koleo huingia bila kusukumwa.

Kilichomfanya Reginald arudi si hamu. Nyumba ya shule ilitakiwa kwa mwalimu mwingine, na mtu akistaafu huulizwa, "Kwenu wapi?" Akajibu kwetu Chilangala, na jibu likamfunga.

Kule kisiwani yeye na Stella walikuwa na mambo mawili waliyoyapenda, nayo yalijaza maisha yao. La kwanza ni bustani. Nyuma ya nyumba palikuwa na kisima kifupi, maji unayaona yakimeta, na udongo usiokataa kitu. Walikuwa na mishelisheli, mlimao, mchaichai, bamia, mnavu, na mvanila uliopanda juu ya mti wa uzio mpaka ukamshinda Stella kuufikia. Ukichomeka kijiti leo, wiki ijayo kina jani.

La pili ni kutembea. Kila Jumamosi waliamka alfajiri, wakafunga muhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa, wakatoka Kilindoni upande wa machweo kwenda Utende upande wa macheo, kwa miguu, katikati ya minazi na vijiji. Wakifika wanakaa wakaangalia bahari ya upande wa pili, wanakula, halafu wanarudi. Likizo ndefu walikwenda mpaka Bweni, ncha ya kaskazini, siku mbili njiani, wakilala kwa walimu wenzao. Mwanzoni watu wa kisiwani waliwacheka. Baadaye wakazoea. Hawa ni wageni, wakasema, huenda kwao ndivyo wanavyoishi.

Chilangala hakuwa mgeni. Hilo ndilo lililomponza.

Nyumba aliyofikia ilikuwa ya baba yake, matofali ya kuchoma na bati lililoanza kutu, imefungwa tangu mama afariki. Hatua thelathini tu kutoka hapo aliishi Yuster, mjane wa kaka yake Petro, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Dickson. Yuster alimpokea vizuri. Alifagia nyumba, akampikia siku tatu, akamwonyesha mikorosho ya baba ambayo sasa ilikuwa zamu yake kuitunza. Siku ya nne alisema, "Haya shemeji, sasa umefika," akarudi kwenye shughuli zake. Walisalimiana kila asubuhi, yeye akiwa mlangoni kwake na mwenzake akiwa mlangoni kwake, na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha.

Reginald alitoa miche kwenye ndoo akaipanda. Kisima cha nyumba, kile cha kuvunia maji ya bati, kilikuwa kimepasuka chini na hakikushika kitu. Maji yalitoka bombani, siku yanapotoka, na watu walipanga madumu tangu alfajiri. Maji ya namna hiyo hakuna anayemwagia mchaichai. Aliyaona macho ya wanawake pale bombani alipobeba dumu la nne, akaacha. Akaanza kuoga ndani ya beseni na kumwagia miche maji yaleyale. Mvanila ulikauka mwezi wa saba. Mlimao ukadondosha majani yote siku moja, kana kwamba yameambizana. Mshelisheli ulivumilia mpaka mwezi wa tisa. Alipoung'oa, mizizi ilikuwa mikavu kama fimbo.

Aliutupa nyuma ya choo. Siku hiyo hakupika.

Lugha nayo ilimsumbua. Watu walimsalimu kwa Chimakonde, naye akajibu kwa Chimakonde cha kijana aliyeondoka mwaka themanini na saba, maneno ambayo siku hizi husikika kwa mabibi tu, na watoto wakajifunika midomo wasicheke mbele yake. Akihamia Kiswahili, walisema mwalimu anaongea Kiswahili cha pwani, anavuta maneno. Kwa hiyo akawa mtu wa kusikiliza. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akapeana amani na waliokaa karibu, akatoka.

Ndipo akarudia kutembea. Alitoka kabla jua halijapanda, na mfuko wa kitambaa begani, akafuata njia yoyote aliyoiona. Uwanda wa Makonde hauna mlima wa kupanda. Unatembea tambarare, mchanga mwekundu, mikorosho, vichaka, mikorosho tena, halafu ghafla nchi inakatika na bonde liko chini ya miguu yako. Alipenda kufika pale ukingoni. Mwendo wa saa moja na nusu. Anasimama, ukungu unapanda kutoka chini, anakula kipande chake cha muhogo, anarudi.

"Mwalimu, unakwenda wapi?" watu walimuuliza njiani.

"Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Mpaka ukingoni."

"Kuna nini ukingoni?"

Akaendelea na safari, na watu hawapendi kuachwa na swali mkononi, wakajibu wenyewe. Wapo waliosema mwalimu anatafuta madini. Wapo waliosema kuna wawekezaji wamemtuma apime ardhi. Mama mmoja alisema hapana, ni huzuni tu ile, mke wake amekufa; lakini mama huyo alikuwa mmoja na hao wengine walikuwa wengi.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya mwezi wa kumi na moja, usiku mmoja tu, kisha mvua ikakatika tena. Korosho zilikuwa bado zinaanguka. Ni majira ambayo kila mtu yuko shambani mwake tangu mapema, anaokota, ananyonyoa korosho kwenye mabibo, na macho yake yako kwa jirani kwa sababu kuna watu huokota pasipo pao. Reginald hakulifikiria hilo. Alikatisha njia kama kawaida, na chini ya mkorosho mkubwa akaona ua.

Lilikuwa limetoka ardhini bila jani, bua moja nene na kichwa cha duara chekundu, sindano nyekundu tupu kama nungunungu aliyejikunja. Stella alilizungumzia ua hilo maisha yake yote. Kwao Lupaso lilichipuka baada ya mvua ya kwanza, na alipokuwa msichana aliyavuna kupamba kanisa. Mara mbili mama yake alimtumia Mafia vitunguu vya ua hilo, vile vya chini ya ardhi, mara mbili vikaoza. Mwalimu akapiga magoti, akachimba kwa kijiti na kwa vidole, taratibu asikate mizizi, akaking'oa kitunguu chake na kukitia mfukoni pamoja na udongo.

"Simama hapohapo!"

Wanaume wawili walikuwa nyuma yake, mmoja na panga.

"Shikamoo," alisema wa pili, kwa aibu ya mazoea, maana mtu mzima ni mtu mzima. Kisha akasema, "Fungua mfuko."

"Marahaba. Si korosho, wanangu."

"Fungua tuone."

Akafungua. Wakatazama ndani: udongo, kitunguu, ua jekundu lililovunjika shingo, kipande cha muhogo. Walitazamana. Kama wangekuta korosho wangejua la kufanya. Kwa kuwa hawakukuta, wakaona afadhali wampeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti, jina lake Cecil, alifanyia kazi kibarazani kwake, benchi na meza iliyolegea miguu. Mwenye shamba, mzee Bartholomayo, aliitwa akaja, ndevu nyeupe, miguu imejaa mchanga. Watu wanane, tisa, wakasimama kusikiliza. Mwalimu alieleza kwamba hutembea kwa mazoea, kwamba alichochimba ni ua. Alisikia sauti yake ikieleza, ile sauti ya pwani inayovuta maneno, akaona wanavyomtazama.

"Mwiteni Mama Dickson," akasema Cecil.

Yuster alifika akiwa na ndoo ya korosho kichwani. Aliishusha, akasalimia wakubwa, akasimama.

"Mama Dickson, huyu unamfahamu?"

"Ni shemeji yangu. Mdogo wake marehemu Petro."

"Hilo tunalijua sote. Mimi nauliza, unamfahamu? Kila alfajiri anatoka. Unajua anakwenda wapi?"

Yuster alimtazama mwalimu. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Hapana," alisema. "Simfahamu."

Mzee Bartholomayo akakohoa. Akasema yeye hana kesi, korosho zake hazijaguswa, ila watu wasikatize shamba lake wakati wa mavuno bila sababu. "Mwacheni aende na kitunguu chake," akamaliza, na watu wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya. Lakini mwalimu alipotembea kurudi nyumbani ile njia fupi, kicheko kile kilimwelemea kuliko panga. Alikifukia kitunguu kando ya ukuta, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakutembea tena. Alikaa ndani siku nzima, akaokota korosho zake jioni tu, watu wakiwa wameondoka mashambani, ikawa kana kwamba anaiba kwake mwenyewe. Alipika mara moja kwa siku, ugali wa muhogo na kisamvu, na kiporo akala asubuhi. Redio ilisema habari za asubuhi, naye akaitikia salamu ya mtangazaji, kwanza kwa utani, halafu bila kujua. Siku ya Alhamisi Upendo alipiga simu kutoka Mwanza.

"Shikamoo baba."

Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Akakohoa. "Marahaba, mwanangu."

"Baba, unaumwa?"

"Nilikuwa nimelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa hajasema neno na mtu tangu Jumatatu. Upendo akarudia lile alilolisema kila mara: aje Mwanza, chumba kipo, wajukuu wapo. Naye akajibu alivyojibu kila mara, kwamba atafikiri. Walipomaliza, alibaki ameishika simu ile. Akafungua picha ambayo Julia, muumini mwenzao wa Kilindoni, alimtumia miezi miwili nyuma: kaburi la Stella limefagiliwa, msalaba umepakwa rangi upya. Aliitazama mpaka kioo kikazima.

Jumapili mbili hakwenda kanisani. Jumapili ya pili, ibada ilipokwisha, alisikia hodi.

Alikuwa Yuster, bado na kitenge cha kanisani, na bakuli la mbaazi limefunikwa sahani. Aliingia bila kungoja, akaweka bakuli mezani, akaketi kwenye kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu mwezi wa tano.

"Shemeji, umeninunia."

"Sijanuna, Mama Dickson."

"Umenuna. Siku ile niliulizwa swali nikajibu la kweli. Ningesema nakufahamu, ningedanganya. Umekaa hapa nusu mwaka. Unaniambia za asubuhi, unaniambia za jioni. Sijui hata unakula nini." Alikunja mikono. "Na kuna lingine. Petro alipokufa, hukuja. Ulituma rambirambi kwa simu. Kaka yako wa kuzaliwa tumbo moja! Watu waliniuliza mdogo wake yuko wapi, nikakosa la kuwajibu. Mimi nilikaa msibani nakutazamia barabarani siku tatu."

Mwalimu akavuta kiti kingine, akaketi. Nje kuku walikuwa wanaparua.

"Wiki ile Stella alikuwa amelazwa Dar," alisema. "Ndiyo kwanza wametuambia figo zote mbili. Alinikataza nisiseme. Alisema hataki kuonewa huruma na watu ambao hajawahi kukaa nao. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za hospitali simu ilipokuja kuhusu Petro. Ningemwacha na nani?"

Yuster alikunjua mikono yake taratibu, akaiweka magotini.

"Sisi hatukujua."

"Sikuwaambia."

"Na yeye alipofariki tulisikia baada ya mazishi."

"Nalo sikuwaambia kwa wakati. Nilikuwa sijui nianze na nani. Wewe nilidhani umenikasirikia kwa ajili ya Petro."

"Nilikuwa nimekukasirikia."

Yuster akalisogeza bakuli karibu naye. Kisha akasema, "Alikuwaje? Nilimwona siku ya harusi tu. Alikuwa mwembamba, anacheka."

Basi mwalimu akamweleza. Alianza vibaya, kwa tarehe na vituo vya kazi, kama mtu anayejaza fomu. Kisha akaeleza mvanila uliopanda juu, akaeleza Jumamosi, muhogo kwenye kitambaa, bahari ya upande huu na bahari ya upande ule.

"Mkifika huko mnafanya nini?" Yuster akauliza.

"Tunakaa. Halafu tunageuka."

"Mnageuka tu?"

"Tunageuka tu."

Yuster alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, na mwalimu, ambaye hakuwa amecheka tangu avuke bahari, akajikuta naye anacheka, kwa kuwa ni kweli, ukilisema kwa sauti ni jambo la ajabu.

Alipoinuka kuondoka, Yuster alisimama mlangoni. "Petro alikuwa na kibustani bondeni, kando ya chemchemi. Mimi sijakanyaga huko tangu afe. Miaka minne. Wewe unayependa kutembea, nipeleke."

Walikwenda Jumanne. Yuster alimkabidhi jembe la Petro, mpini wake umesuguliwa na mikono ukawa laini. "Huwezi kwenda bondeni mikono mitupu," alisema. Walitembea mpaka ukingoni, kisha wakashuka. Njia ya kushuka ilikuwa mawe na mizizi, na Yuster, ambaye magoti yalikuwa yamemchakaa, aliteremka upande upande akimshika shemeji yake bega. Njia nzima aliongea. Alieleza ugonjwa wa Petro, namna alivyokataa kwenda Ndanda hospitali mpaka walipomdanganya kwamba wanakwenda kumsalimu Dickson, kijana wao anayefanya kazi Masasi. Alieleza siku ya mwisho. Mwalimu alisikiliza mambo ambayo mdogo wa mtu alipaswa kuyajua, akayasikia kwa mara ya kwanza akiwa amebeba jembe lake.

Huko chini hewa ilikuwa nyingine, nzito na yenye harufu ya tope. Kibustani kilikuwa kimemezwa na matete. Yuster alisimama pembeni, akanyoosha mkono: "Pale alikuwa na migomba mitatu. Pale mchicha. Pale alikuwa anakaa." Mwalimu akashika jembe akaanza kukata matete kwa ajili ya kuwa na la kufanya, na aliposikia nyuma yake mwenzake analia, hakugeuka.

Kurudi juu kuliwachukua saa tatu. Yuster alipumzika kila kona, na walipofika alikuwa hawezi kukunja goti la kulia. "Siendi tena," alisema. "Nimeona, basi. Wewe pachukue. Dickson hapataki, anataka pikipiki."

Tangu siku hiyo Reginald huenda bondeni mara tatu kwa wiki. Amekata matete yote, amechimba mfereji mdogo kutoka kwenye chemchemi, amepanda mchicha, bamia, mnavu, na migomba miwili. Udongo wa kule si wa kisiwani, lakini haukatai. Mboga humpelekea Yuster, naye Yuster humpa mbaazi au samaki mkavu, na mara nyingine, si kila mara, humwita ale kwake. Wanazungumza zaidi kuliko zamani. Lakini kila mmoja ana nyumba yake na mjane ana taratibu zake, na jua likizama mwalimu huvuka zile hatua thelathini, akawasha taa, akakaa.

Jambo moja lilimshangaza. Katika wiki ya kwanza ya kwenda bondeni, alikatisha shamba la mzee Bartholomayo kwa njia ileile, asubuhi ileile ya mapema, na korosho zilikuwa bado zimetapakaa chini. Mzee alikuwa amekaa juu ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Bondeni?"

"Bondeni."

"Haya, mwendo mwema."

Hivyo tu. Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile, kilichoongezeka ni jembe. Mwalimu alitembea hatua nyingi akilifikiria hilo, akaona uchungu kidogo, halafu akaona kichekesho. Siku hizi Jumamosi hulitwaa jembe begani akaenda popote anapotaka, kufuata ukingo upande wa kusini au upande wa kaskazini, mwendo wa saa nne, saa tano, asilime hata tuta moja. Siku moja alifika Newala mjini, akakaa pale kwenye ukingo uitwao Shimo la Mungu akatazama nchi inavyoporomoka kuelekea Ruvuma, jembe limelala kando yake, na hakuna aliyemuuliza chochote. Jumamosi bado ndiyo siku ngumu. Kuna mahali njiani ambapo angegeuka kusema neno, naye hugeuka, akaona njia.

Mwezi wa nne Upendo alipiga tena kuhusu chumba cha Mwanza. Safari hii hakusema atafikiri. Alisema, "Mwanangu, nitakuja kuwaona wajukuu Krismasi, lakini nitarudi. Nina mchicha." Upendo akauliza kama ana mtu wa kumwangalia akiugua. Mwalimu akasema kuna Mama Dickson. Alijua hilo si jibu kamili, na binti naye alijua, wakaacha hapo.

Kando ya kibustani cha Petro kuna kingine, cha Abdulrazaki, mtu wa makamo anayetoka kijiji cha upande wa pili wa bonde. Analima vitunguu na nyanya. Si msemaji. Wanaweza kufanya kazi asubuhi nzima, hatua ishirini baina yao, na kisisikike kitu isipokuwa majembe na maji. Mwalimu mwanzoni alidhani yule bwana hampendi. Adhuhuri moja ya mwezi wa tano, Abdulrazaki alisuuza miguu kwenye mfereji, akakusanya vifaa vyake, akapanda tuta la mwisho. Pale juu akasimama, akageuka.

"Mwalimu!" aliita. "Mimi natoka."

Reginald aliinua kichwa. Katika mwaka mzima hakuna mtu aliyemuaga akiwa kazini. Watu huondoka tu.

"Haya!" alijibu. "Wasalimie nyumbani."

"Na wewe usichelewe. Njia inateleza."

"Sichelewi."

Yule bwana akaondoka. Mwalimu alibaki amesimama katikati ya mchicha, mikono kwenye mpini, akisikiliza hatua zikipotea kwenye matete. Kisha akainama, akamalizia mstari uliobaki.